Kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa, Louis Pasteur alichambua chumvi kwa kibano

Ukitoka Mpanda kwenda Usevya, unakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Jina la hifadhi hiyo limetokana na Katabi, mzimu wa mwindaji ambaye wenyeji wanasimulia kuwa anakaa kwenye mkwaju mmoja karibu na Ziwa Katavi. Watu wamekuwa wakiacha sadaka chini ya mti huo wakiomba baraka.

Na ukwaju wenyewe, kwa watu wa Usevya, hauhitaji utambulisho. Ni juisi, ni kiungo cha uji, ni kitu cha kumung'unya njiani. Ule ukali unaokunja uso unatoka kwa sehemu kubwa kwenye kitu kimoja kinachoitwa asidi tatariki. Ni asidi ile ile iliyomo kwenye zabibu za Dodoma.

Asidi hiyo ndiyo iliyomtoa Louis Pasteur. Wengi wanamjua kwa chanjo, au kwa maziwa ya paketi yaliyochemshwa kiasi ili yasichache haraka. Wachache wanajua kwamba alianza kama kijana wa maabara, anaangalia chumvi kwenye sahani, na kwamba alichokiona pale mwaka 1848 kiliwapita mabingwa waliomtangulia.

Mtoto wa fundi ngozi

Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji mdogo wa Dole, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa askari mstaafu wa jeshi la Napoleon aliyerudi nyumbani kufanya kazi ya kutengeneza ngozi. Familia ilihamia Arbois, mji wa mashamba ya mizabibu, na huko ndiko alikokulia.

Shuleni hakuwa wa ajabu. Alichokiweza kweli ni kuchora. Picha za wazazi wake alizozichora akiwa kijana bado zipo, na ukiziangalia unaona mtu mwenye jicho la kukamata vitu vidogo.

Alipofika miaka 15 alipelekwa Paris kusoma. Akashindwa. Alikumbuka nyumbani kupita kiasi, na baada ya wiki chache baba yake akaenda kumchukua. Baadaye, kwenye mtihani wa shahada ya sayansi, alama yake ya kemia ilikuwa ya wastani tu. Alirudi tena Paris, akakaza, na mwaka 1843 akaingia École Normale Supérieure, chuo cha kuandaa walimu. Mwaka 1847 akapata udaktari, akabaki kuwa msaidizi kwenye maabara ya Antoine Balard, mkemia aliyegundua bromini.

Fumbo la asidi mbili

Wakati huo wanakemia walikuwa na fumbo. Ndani ya mapipa ya divai hubaki ukoko wa chumvi, na kutokana na ukoko huo ndipo asidi tatariki ilipatikana. Kumbe karibu mwaka 1820, kwenye kiwanda cha Thann huko Alsace, ikajitokeza asidi nyingine iliyofanana nayo kwa kila kipimo. Vipande vyake vya ndani vilikuwa vile vile, kwa idadi ile ile. Ikaitwa asidi paratatariki.

Tofauti ilikuwa moja. Ukipitisha mwanga uliochujwa, yaani mwanga ambao mawimbi yake yanatikisika upande mmoja tu, kwenye maji yenye asidi ya kawaida, mwanga huo unapinda kuelekea kulia. Ukipitisha kwenye asidi ya kiwandani, haupindi. Unatoka kama ulivyoingia.

Mwaka 1844 Eilhard Mitscherlich, Mjerumani aliyeheshimika sana katika elimu ya fuwele, alitangaza kwamba chumvi za sodiamu na amonia zinazotengenezwa kwa asidi hizo mbili zina umbo moja, pembe moja, uzito mmoja. Kila kitu sawa, isipokuwa huo mwanga.

Kwa Pasteur hilo halikuingia akilini. Kama vitu viwili ni sawa kabisa, inakuwaje kimoja kigeuze mwanga na kingine kisigeuze? Lazima kuna kitu hakijaonekana.

Kushoto na kulia

Fuwele ni ile chembe yenye nyuso na kona zilizonyooka, kama unayoiona kwenye chumvi ya mawe au punje za sukari. Inapata umbo hilo kwa sababu molekuli zake zimejipanga kwa utaratibu mmoja, safu kwa safu, bila kukosea.

Mwanzoni mwa 1848 Paris ilikuwa kwenye mapinduzi. Mfalme aliondolewa mwezi Februari, na Pasteur mwenyewe akajiunga na walinzi wa taifa. Lakini alirudi kwenye sahani zake. Aliyeyusha chumvi ya Mitscherlich, akaiacha ikauke taratibu, kisha akachukua fuwele moja moja na kuzigeuza chini ya kioo cha kukuzia.

Fuwele za asidi ya kawaida zilikuwa na uso mdogo wa pembeni ulioinama, na zote ziliinamia upande mmoja. Hilo alilitarajia. Kwa asidi ya kiwandani alitegemea kukuta fuwele zisizo na uso huo kabisa. Hakukuta hivyo. Uso mdogo ulikuwepo, ila fuwele nyingine ziliinamia kulia na nyingine kushoto.

Chukua kandambili zilizomwagwa kwenye turubai siku ya mnada. Za kulia na za kushoto zina urefu mmoja, mpira mmoja, rangi moja. Ukizipima kwenye mizani hutaona tofauti. Ila jaribu kuvaa ya kushoto mguu wa kulia, ndipo utajua. Pasteur aligundua kwamba Mitscherlich alikuwa ameangalia rundo la kandambili bila kutambua kwamba zimechanganyika.

Akachukua kibano, akazitenga moja moja, kulia huku, kushoto kule. Kazi ya kuumiza macho. Akaziyeyusha kila rundo peke yake, akapitisha mwanga. Rundo la kulia liligeuza mwanga kulia. Rundo la kushoto likaugeuza kushoto kwa kiasi kile kile. Alipochanganya sawa kwa sawa, mwanga ukatulia, kwa sababu kila upande ulifuta kazi ya mwenzake.

Inasimuliwa kwamba alitoka nje ya chumba akiwa hajiwezi kwa furaha, akamkumbatia mtu wa kwanza aliyekutana naye kwenye korido.

Mzee asiyeamini

Jean-Baptiste Biot alikuwa na miaka 74. Ndiye aliyekuwa ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kupima jinsi vimiminika vya asili vinavyogeuza mwanga. Alipopelekewa habari za kijana huyu, hakusema ndiyo wala hapana. Alimwita.

Alimpa asidi yake mwenyewe aliyokwisha kuipima, akampa na soda na amonia, akamtaka aandae chumvi mbele ya macho yake. Kisha chombo kikabaki kwa Biot, kikauke pole pole. Fuwele zilipokuwa tayari, Pasteur akaitwa tena azitenge na aseme zipi zitageuza mwanga upande gani. Mzee akazichukua akaandaa maji yake mwenyewe.

Hebu fikiria hali ya yule kijana. Mama yake alifariki mwezi Mei mwaka huo huo. Cheo hana, jina hana, na anachokidai ni kwamba bingwa wa Berlin hakuona vizuri. Kama mwanga ungekataa, pengine tungemsikia kama mwalimu wa fizikia wa shule fulani ya mkoani tu.

Biot alianza na rundo la kushoto, ambalo halijawahi kuonekana duniani. Mwanga ukageuka kushoto. Mzee akamshika mkono kwa hisia kubwa, na tangu siku hiyo akawa mlezi wake katika sayansi hadi alipofariki mwaka 1862.

Kilichozishika zile fuwele

Pasteur hakujua ni nini hasa kinachozipanga molekuli ndani ya fuwele. Hakuna aliyejua. Wazo la kifungo cha haidrojeni lilikuja kuandikwa mwaka 1920, robo karne baada ya kifo chake.

Kifungo chenyewe kinaelezeka. Atomu ya haidrojeni ikiwa imeshikwa na oksijeni au naitrojeni, inabaki na chaji chanya kidogo. Oksijeni ya jirani, yenye chaji hasi kidogo, inaivuta. Mvuto huo ni dhaifu mara nyingi kuliko kifungo cha kawaida kinachoshika atomu ndani ya molekuli. Ila vikiwa vingi, vinafanya kazi kubwa. Ndivyo vinavyofanya maji yachelewe kuchemka na barafu ielee.

Katika chumvi ya Pasteur vifungo hivi vimejaa. Asidi tatariki ina oksijeni sita. Amonia iliyogeuka kuwa ayoni ina haidrojeni nne, zote zinatafuta oksijeni ya kushika. Na humo ndani kuna maji pia, molekuli nne za maji kwa kila kipimo kimoja cha chumvi, yanaunganisha huku na kule kama kamba za jengo. Sodiamu nayo imezungukwa na oksijeni. Kwa jinsi kamba hizo zinavyoelekea, molekuli ya kulia inakaa vizuri ikizungukwa na za kulia wenzake. Ya kushoto haipati nafasi, inakwenda kujenga fuwele yake.

Lakini hapo kuna bahati iliyomwangukia Pasteur bila yeye kujua. Mpangilio huo unadumu kwenye ubaridi tu. Chumvi ikikauka kwenye joto linalozidi nyuzi 27 hivi, inajijenga kwa namna nyingine. Inabaki na molekuli moja ya maji badala ya nne, kamba zinafungwa upya, na safari hii molekuli za kulia na za kushoto zinaingia pamoja kwenye fuwele moja, nusu kwa nusu. Hakuna tena fuwele za kulia wala za kushoto. Hakuna cha kuchambua.

Paris ya miezi ile ni baridi, na fuwele zikajitenga zenyewe. Angeiweka sahani ile mezani Usevya mwezi wa Oktoba, kabla mvua haijaanza, joto la mchana la Bonde la Rukwa lingemharibia kazi kimya kimya. Angerudi kuambia watu kwamba Mitscherlich yuko sahihi.

Mbali na ubaridi, chumvi nyingi za aina hii hazijitengi kabisa. Pasteur alichagua, bila kujua, mojawapo ya chache zinazokubali.

Kupeana mkono

Mwaka 1849 alihamia Strasbourg, akamwona Marie Laurent, binti wa mkuu wa chuo, akapeleka posa ndani ya wiki chache. Walioana tarehe 29 Mei. Marie akawa mwandishi wake, akiandika kwa mkono maelezo ya majaribio aliyosomewa usiku, kazi ambayo vitabu vingi vya zamani vimeipitia haraka mno.

Mwaka 1853 Pasteur akapata njia ya pili ya kutenga kulia na kushoto, na hii haikuhitaji kibano. Alitumia dawa zilizotokana na gome la mti wa sinkona, ndugu wa kwinini. Dawa hizo nazo zina upande wake. Ukiziunganisha na asidi, zinatengeneza chumvi.

Ni sawa na kupeana mkono. Mkono wa kulia ukikutana na wa kulia, salamu inakaa. Wa kulia ukikutana na wa kushoto, vidole havipati pa kwenda. Chumvi ya kulia kwa kulia na ile ya kulia kwa kushoto hazifanani tena, vifungo vinakaa tofauti, na moja inaganda mapema huku nyingine ikibaki kwenye maji. Mbinu hiyo viwanda vya dawa vinaitumia mpaka leo.

Wafugaji wa Mpimbwe wanaijua faida yake bila kuitaja. Dawa ya minyoo ya ng'ombe inayoitwa levamisole, inayouzwa kama chumvi ya haidrokloraidi, ni nusu ya kushoto ya dawa ya zamani ya tetramisole. Hilo neno la mwanzo, levo, ni la Kilatini na maana yake ni kushoto. Karibu nguvu yote ya kuua minyoo iko kwenye nusu hiyo, kwa hiyo dozi inapungua.

Vijidudu

Kilichomhamisha Pasteur kutoka kwenye chumvi kwenda kwenye vijidudu ni chumvi yenyewe. Aliona kwamba kuvu lililoota kwenye chumvi ya asidi ya kiwandani lilikula upande wa kulia na kuacha wa kushoto. Kitu chenye uhai kilikuwa kinachagua. Akaanza kuamini kwamba uchachu wa divai, pombe na maziwa ni kazi ya viumbe hai, na kutoka hapo hakurudi nyuma. Zikafuata njia ya kupasha divai moto isiharibike, ugonjwa wa viwavi wa hariri, kipindupindu cha kuku, kimeta.

Nyumbani kwake mambo hayakuwa hivyo. Kati ya watoto wake watano, watatu walikufa wakiwa wadogo, wawili kati yao kwa homa ya matumbo. Mwezi Oktoba 1868, akiwa na miaka 45, alipata kiharusi kilicholemaza upande wake wa kushoto. Kazi zake zote za chanjo alizifanya baada ya hapo, akitegemea mikono ya wasaidizi.

Tarehe 6 Julai 1885 aliletewa Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 kutoka Alsace, ameumwa na mbwa mwenye kichaa mara nyingi. Pasteur hakuwa daktari wa tiba, hivyo hakuruhusiwa kuchoma sindano. Dk. Grancher ndiye aliyechoma. Ni sindano 13 ndani ya takriban siku 11, na kila moja ilikuwa na nguvu kuliko iliyotangulia. Pasteur alikuwa halali. Mtoto akapona, na alipokuwa mtu mzima akaajiriwa kwenye taasisi ya Pasteur.

Siyo kila kitu kilikuwa safi. Pasteur aliiagiza familia yake isionyeshe madaftari yake kwa mtu. Yalipofunguliwa kwa watafiti katika miaka ya 1970, na hasa baada ya kitabu cha mwanahistoria Gerald Geison mwaka 1995, ikajulikana kwamba kwenye jaribio maarufu la kimeta la 1881 alitumia chanjo iliyoandaliwa kwa njia ya msaidizi wake Chamberland huku akiacha umma uamini ni njia yake. Ikajulikana pia kwamba chanjo ya kichaa, kwa namna aliyopewa Meister, ilikuwa haijakamilisha majaribio kwa mbwa. Mtoto alipona, lakini Pasteur alikuwa amecheza na hatari kubwa kuliko alivyokiri. Na hata kwenye zile fuwele za 1848, mchango wa Auguste Laurent, mkemia aliyemfundisha mengi kuhusu fuwele kwenye maabara ile ile, aliupunguza sana katika masimulizi yake ya baadaye.

Alifariki tarehe 28 Septemba 1895, akazikwa ndani ya taasisi yake Paris. Siku hiyo ya kifo chake ndiyo inayoadhimishwa duniani kama siku ya kichaa cha mbwa.

Wiki sita hivi baada ya kifo chake, tarehe 8 Novemba, Wilhelm Röntgen aligundua eksirei huko Ujerumani. Kuanzia 1912 wanasayansi wakaanza kuzipitisha eksirei kwenye fuwele na kusoma zilivyopangika ndani. Lakini swali moja liliendelea kugoma: ile molekuli tunayoiita ya kulia, kweli imekaa hivyo tunavyoichora, au tunachora kivuli chake cha kwenye kioo? Emil Fischer alikuwa amekisia tu, nusu kwa nusu, na kemia yote ikafuata kisio chake.

Jibu lilitoka mwaka 1951 huko Utrecht, Uholanzi, kwa Johannes Bijvoet na wenzake. Fischer alikuwa amekisia sawa. Fuwele waliyoipiga eksirei ilikuwa ndugu wa ile ya Pasteur, yenye sodiamu, na mahali pa amonia wakaweka madini ya rubidiamu. Asidi ilikuwa tatariki ya kulia, ile ya zabibu na ukwaju.